Waheshimiwa, Shilingi Mliirudisha kwa Ahadi Gani?

Barua ya wazi kwa wabunge wa Mkoa wa Kilimanjaro

Waheshimiwa wabunge wa Moshi Mjini, Moshi Vijijini, Vunjo, Rombo, Hai, Siha, Mwanga, Same Magharibi na Same Mashariki, pamoja nanyi mnaotuwakilisha kwa viti maalumu,

Nina ombi moja tu kwenu: hesabu. Nataka hesabu ya kazi mnayoifanya Dodoma, iliyoandikwa, yenye tarehe, ambayo mpiga kura wa Kiborloni au wa Mamba anaweza kuisoma bila kumpigia mtu simu. Kila Desemba, watoto wa mlimani wanaporudi migombani kula sikukuu, nanyi mnapita kanisani, msibani na kwenye harambee, mnatuambia kwamba jimbo mmelisemea. Tunapiga makofi. Januari inapofika tumebaki na neno hilo tu, kwamba mlisema. Mlisema lini, waziri gani aliwajibu, alijibu nini, na baada ya jibu lile mlifanya nini, hatujui.

Wapo watakaoniambia kwamba Bunge linaandika kila kitu, nikasome Hansard. Nimeisoma, na ndiyo iliyonifanya niandike barua hii. Taarifa Rasmi ya Bunge ni kazi ya kuheshimika: kila neno la mbunge lipo, na mabano yanaeleza hata hali ya ukumbi. Mbunge akisema jambo la kufurahisha, utakuta “(Makofi)”. Akitania, utakuta “(Kicheko)”. Akina mama wakishangilia, vigelegele navyo vinaandikwa. Kisha unafika mahali penyewe, pale sheria inapopita au azimio linaporidhiwa, unakuta mistari miwili: Hoja Ilitolewa Iamuliwe, na chini yake, Hoja Iliamuliwa na Kuafikiwa. Basi. Aliyeafiki ni nani, aliyekataa ni nani, na nani alikuwa kantini akinywa chai, kumbukumbu haisemi. Makofi yameandikwa, kura haikuandikwa.

Sababu mnaijua kuliko mimi. Mambo mengi Bungeni huamuliwa kwa sauti. Spika anahoji, wanaoafiki wanasema ndiyo, wasioafiki wanasema siyo, naye anapima kwa sikio na kutangaza upande ulioshinda. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 10 Juni 2023, Bunge liliporidhia makubaliano ya Serikali yetu na Dubai kuhusu bandari, jambo lililojadiliwa nchi nzima kwa miezi, kuanzia kwenye daladala hadi kwenye nyaraka za maaskofu. Mtu wa Moshi anayetaka leo kuthibitisha kwa maandishi mbunge wake alisemaje siku ile hana ukurasa wa kuufungua.

Kura inayoandikwa majina ipo, na ni ya bajeti. Mwezi Juni Katibu huita wabunge mmoja mmoja, na kila mmoja hujibu mbele ya wenzake. Kwa hiyo Bunge letu linajua kabisa kupiga kura yenye jina. Halina desturi ya kuitumia kwa mambo mengine makubwa.

Sisi wa mkoa huu hatuhitaji kwenda mbali kuona desturi nyingine. Vukeni mpaka pale Holili, mtaikuta Taveta, ambako akina mama wetu wanapeleka ndizi sokoni. Tarehe 25 Juni 2024, Bunge la Taifa la Kenya lilipiga kura juu ya Muswada wa Fedha: wabunge 195 waliunga mkono, 106 wakapinga. Jioni ileile orodha ya majina ilikuwa kwenye simu za watu, na mnunuzi wa ndizi pale Taveta aliweza kujua mbunge wake yuko upande gani. Yaliyotokea Nairobi siku hiyo ni machungu, vijana walipoteza maisha, na hakuna mwenye akili anayeyaombea nchi yoyote. Ninachokitaka ni orodha. Anayenunua ndizi ya Rombo anapata kumbukumbu ambayo aliyeilima haipati.

Wala hatuwezi kusema kwamba mahudhurio na mienendo ya wabunge wetu haiwekwi popote. Daftari lipo. Juni 2019 Spika Job Ndugai alipotangaza kwamba kiti cha Singida Mashariki kiko wazi, mojawapo ya sababu mbili alizotoa ni kwamba Tundu Lissu hakuwa amehudhuria mikutano ya Bunge bila kumpa Spika taarifa, kwa mujibu wa ibara ya 71 ya Katiba. Lissu alikuwa Ubelgiji kwa matibabu, baada ya kupigwa risasi Dodoma mnamo Septemba 2017. Mengi yalisemwa juu ya uamuzi ule. Mimi nachukua funzo moja: mahudhurio yanahesabiwa, na yakitakiwa yanatolewa hadharani. Basi yatolewe pia kwa faida ya mpiga kura, na kwa wote.

Na sasa niseme jambo ambalo huenda likawafurahisha. Siwaombi mshindanishwe kwa wingi wa maneno. Mwaka 2010 Uwazi, kitengo cha shirika la Twaweza, kilichapisha uchambuzi uliohesabu ni mara ngapi kila mbunge ameuliza swali au kuchangia. Kenya wanayo Mzalendo, iliyoanzishwa mwaka 2005 na Ory Okolloh na Conrad Akunga, inayofuatilia nani amezungumza Bungeni. Uganda nao wakawa na kadi ya alama za wabunge. Hata tovuti ya Bunge letu inaorodhesha maswali na michango ya kila mbunge. Zote ni kazi zenye faida, na nawashukuru waliozianza. Lakini idadi peke yake inadanganya. Mbunge anaweza kusimama mara nyingi, na kila akisimama dakika zake nusu zinaishia kwenye kumshukuru Mungu, kumpongeza Rais, kumpongeza waziri, naibu waziri, katibu mkuu, familia yake na wapiga kura wake, halafu kengele inalia, anaunga mkono hoja asilimia mia moja, anakaa. Kwenye takwimu huo ni mchango. Mwingine anakaa kimya ukumbini, lakini ndani ya kamati amebadilisha kifungu cha muswada kilichokuwa kinamuumiza mkulima. Kwenye takwimu huyo ni bubu.

Kwa hiyo hesabu ninayoiomba si ya midomo. Wala kura peke yake haitoshi: kwa jinsi Bunge lilivyo sasa, “ndiyo” yenu tunaijua kabla hamjaitamka. Mwaka 2015 majimbo saba kati ya tisa ya mkoa huu yalichukuliwa na wapinzani. Mwaka 2020 yote tisa yalikwenda CCM. Mwaka 2025, katika uchaguzi ambao CHADEMA hakikuwamo kwenye karatasi ya kura na ambao umeacha vidonda vibichi, yalibaki hukohuko. Sijaja hapa kuifungua kesi ile, ina mahali pake. Nasema tu kwamba mbunge wa chama tawala atasema ndiyo kwa bajeti, na hata asiyependa anajua hesabu zake: akifukuzwa chama amepoteza na ubunge, na Bunge likiikataa bajeti Katiba inampa Rais nguvu ya kulivunja. Swali la maana kwetu, basi, ni hili: “ndiyo” hiyo mliitoa mkapata nini?

Hapo ndipo shilingi inapoingia. Kwa wasomaji wasiofuatilia, nieleze. Bajeti ya wizara inapojadiliwa, Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia mafungu. Likifika fungu lenye mshahara wa Waziri, mbunge mwenye donge husimama na kusema kwamba asiporidhika na maelezo ya Serikali, anakusudia kutoa shilingi kwenye mshahara huo. Ni silaha ya kikanuni, ndogo kwa thamani, kubwa kwa maana, kwa sababu inasimamisha mambo. Waziri analazimika kujibu hoja moja, ya mtu mmoja, ya mahali pamoja. Wabunge wengine wanasimama kuunga mkono, mjadala unachemka. Mara nyingi waziri anatoa maelezo, anaahidi kwamba jambo litafanyiwa kazi, mbunge anashukuru, anairudisha shilingi, na fungu linapita.

Waheshimiwa, dakika ile ya kurudisha shilingi ndiyo biashara kubwa kuliko zote mnazozifanya kwa niaba yetu, na ndiyo ambayo hatupewi risiti yake. Mliirudisha kwa ahadi gani? Ya tarehe gani? Mwaka uliofuata, waziri yuleyule aliposimama kuomba fedha tena, mlimkumbusha? Na kama wizara ilikuwa imepata waziri mwingine, naye aliambiwa deni alilorithi?

Naomba mtazame mfano wa nusu maili. Ukanda ule kati ya mashamba na msitu wa mlima ulitengwa mwaka 1941, wananchi wapate kuni, nyasi na mbao bila kuugusa msitu wenyewe. Mwaka 2005 msitu ulipoingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, nusu maili nayo ikaenda. Tangu hapo mama anayepanda kukata majani ya ng'ombe wake wa zizini, mahali alipokata mama yake na bibi yake, anaweza kukamatwa na askari wa hifadhi. Hoja ya uhifadhi ina uzito, kwa sababu maji ya mifongo yetu na ya mabomba ya mjini yanatoka humo msituni. Lakini sitaki kuamua kesi hiyo leo. Ninachosema ni kwamba suala hili limeulizwa Bungeni na wabunge wa vyama tofauti, katika Mabunge tofauti, kwa zaidi ya miaka kumi. Kila mbunge mpya analianza upya kama vile halijawahi kuulizwa. Majibu ya Serikali yamelala kwenye Hansard mbalimbali, hakuna aliyeyapanga kwa mfuatano tukaona palipoahidiwa, palipobadilishwa na palipogeuzwa. Anayejibu ananufaika na usahaulifu wetu.

Upande wa Upareni kuna mfano uliofika mwisho. Mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, unaotoa maji Bwawa la Nyumba ya Mungu, ulianza kujengwa mwaka 2014 na kuzinduliwa Machi 2025. Umevuka Mabunge matatu. Nawapongeza wote waliousemea, wa vyama vyote. Lakini katika miaka hiyo yote mkazi wa Mwanga aliyekuwa akinunua maji kwa ndoo hakuwa na ukurasa mmoja unaomwonyesha: mwaka fulani tuliambiwa yatakuja lini, hayakuja, sababu ni hii, tumeambiwa tena lini. Sasa Moshi Mjini tunayo stendi ya Ngangamfumuni, ambayo ujenzi wake umesimama na kuanza hadi watu wamechoka kuuliza. Ukurasa wake uko wapi?

Lugha ya majibu tumeshaizoea. Serikali inatambua umuhimu wa jambo hilo. Upembuzi yakinifu na usanifu wa kina unaendelea. Fedha zitatengwa kwa kadiri ya upatikanaji wake. Jibu la namna hiyo likisomwa peke yake linatuliza. Likiwekwa chini ya jibu kama hilo la miaka mitatu iliyopita, linaaibisha. Hiyo ndiyo kazi ya daftari, na ndiyo maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena mnaombwa hesabu na watu ambao mmezaliwa nao, mnaowajua. Wakulima wa mlima huu waliunda chama chao cha kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 wakawa na chama kikuu chao cha ushirika, KNCU. Mkulima anayepeleka kahawa kwenye chama cha msingi anaondoka na risiti: kilo ngapi, malipo ya awali kiasi gani. Kahawa ikiuzwa, anadai malipo ya pili, na kwenye mkutano mkuu anasimama mzee asiye na cheo chochote, na risiti zake za msimu mkononi, anamuuliza mwenyekiti makato haya ni ya nini. Mwenyekiti anajibu, au anatafutiwa mwingine. Kura yangu ni kahawa niliyoipeleka kwenu Oktoba. Nadai risiti na malipo ya pili.

Wala kuwafuatilia wawakilishi kwa maandishi si jambo geni huku. Katika miaka ya 1950, Baraza la Wachagga lilikuwa na gazeti lake la Kiswahili, Komkya, na wasomaji waliandika humo barua juu ya mambo ya utawala wao. Itakuwa ajabu wajukuu wao, wenye simu mkononi, wajue kidogo kuliko wao.

Basi ninayoyaomba ni haya.

Kwanza, kila mkutano wa Bunge ukiisha, ofisi ya mbunge itoe ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida. Uonyeshe vikao mlivyohudhuria na vya kamati mliyomo. Maswali ya msingi na ya nyongeza mliyouliza, na jibu la waziri kwa sentensi moja. Marekebisho mliyoyapeleka kwenye miswada, na kama yalikubaliwa. Mahali mliposhika shilingi, na ahadi iliyowafanya muirudishe. Ukurasa huo ubandikwe kwenye mbao za matangazo za kata na vijiji, usomwe pia kwenye mikutano ya hadhara. Mtandaoni uwekwe, lakini usiishie mtandaoni. Mzee wa Kibosho ambaye simu yake ni ya tochi naye ni mpiga kura.

Pili, kila ahadi ya Serikali kuhusu jimbo iwe na namba na tarehe, na ibaki kwenye orodha hadi itimie au ifutwe kwa maelezo. Mbunge akibadilika, amkabidhi mwenzake orodha hiyo, hata kama ni huyohuyo aliyetoka kugombana naye jukwaani.

Tatu, katika mambo mazito, kama mikataba ya rasilimali za nchi, kodi mpya, na mabadiliko ya sheria za uchaguzi na ardhi, mpiganie kura ya kuita majina. Mkishindwa kuipata, mtuambie wenyewe kwa maandishi mlisemaje. Mbunge anayejivunia msimamo wake haumii kuuandika.

Nne, Mfuko wa Jimbo. Tangu sheria ya mwaka 2009, kamati ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo inaongozwa na mbunge mwenyewe. Bandikeni zilizopokelewa, miradi iliyochaguliwa na zilizotumika. Hapo hamhitaji ruhusa ya waziri wala ya Spika.

Najua mtakalosema juu ya muda na watumishi. Maswali mnayo tayari kwenye kumbukumbu za Bunge, majibu mnayo kwa maandishi, na katibu wa mbunge anayeandaa ratiba ya harambee anaweza kuandaa ukurasa mmoja mara chache kwa mwaka. Najua pia hofu iliyo chini ya hilo: kwamba karatasi hiyo atairukia mpinzani wako kwenye kura za maoni. Atairukia, ndiyo. Lakini na wewe utakuwa na cha kumjibu zaidi ya kanga na pilau.

Haki ya kupata taarifa juu ya mambo muhimu kwa maisha yetu imo kwenye ibara ya 18 ya Katiba, na ibara ya 63 inasema madaraka yenu ya kuisimamia Serikali mnayo kwa niaba yetu. Januari 2016, Serikali ilipotangaza kwamba TBC itaacha kurusha Bunge moja kwa moja, sababu iliyotolewa ilikuwa gharama. Karatasi moja kwenye ubao wa kata haina gharama ya kusingizia.

Nanyi wenzangu mnaosoma barua hii kabla ya waheshimiwa, msisubiri wajibu ndipo muanze. Vijana wa vyuo hapa Moshi, vikundi vya akina mama, viongozi wa vyama vya msingi, kila kata inaweza kupata watu watatu wa kusoma Hansard za mkutano mmoja na kuorodhesha yanayoihusu. Tukianza na nusu maili peke yake, tayari tuna kazi ya kutosha.

Bunge la bajeti huisha mwishoni mwa Juni. Waheshimiwa, nawapa Julai nzima ya kupumzika na kuandaa. Ikifika Nane Nane, ukurasa wa kila jimbo uwe umebandikwa, na lisilo na ukurasa tutalitaja kwa jina.

Naomba kuwasilisha.

Mpiga kura wenu,
Moshi